Bwawa ni maji kwanza, samaki baadaye

Saa ya kulikagua bwawa la samaki ni saa 11 alfajiri, kabla jua halijachomoza. Ukifika saa hiyo ukawakuta sato wamejipanga karibu na uso wa maji, midomo imetokeza nje, inafunguka na kufunga upesi upesi, na hawakimbii hata kivuli chako kikiwapitia, ujue maji yameishiwa oksijeni. Wengi wakiona hivyo hudhani samaki wana njaa, wakawamwagia pumba. Chakula hicho ndicho kinachowamaliza, kwa sababu samaki anayesaga chakula anahitaji oksijeni zaidi, na kile kisicholiwa kinaoza na kula oksijeni hiyo hiyo kidogo iliyobaki.

Mengi yanayoua samaki bwawani hayaanzi na samaki. Yanaanza na maji: yanavyopokea joto, yanavyojipanga kwa uzito, yanavyobeba hewa. Wafugaji wanapewa masharti mengi ya kukariri, lisha saa hii, usipande vifaranga saa ile, na mara nyingi hawaambiwi sababu. Sababu zipo, na karibu zote zinatoka mahali pamoja.

Tuanze na tope. Chokoa kwa mti tope jeusi la chini ya bwawa la zamani, utasikia harufu ya yai viza. Hiyo ni gesi ya haidrojeni salfaidi: atomu mbili za haidrojeni na moja ya salfa. Maji nayo ni atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Ni ndugu kabisa, na huyo wa salfa ndiye mzito, karibu mara mbili ya maji. Kwa kawaida kitu chenye molekuli nyepesi huchemka mapema zaidi, kwa hiyo maji ndiyo yalipaswa kuwa gesi. Lakini haidrojeni salfaidi huchemka nyuzi 60 chini ya sifuri, na maji huchemka nyuzi 100. Pengo lote hilo la nyuzi 160 lina sababu moja: molekuli za maji zinashikana.

Molekuli ya maji imepinda kama kiwiko, pembe yake nyuzi 104.5. Oksijeni huvutia elektroni upande wake, ikawa na chaji hasi kidogo, na haidrojeni mbili zikabaki na chaji chanya kidogo. Chanya ya hii inavutwa na hasi ya ile iliyo jirani. Darasani huitwa vifungo vya haidrojeni. Kimoja kimoja ni dhaifu, na hakidumu hata sehemu ya bilioni ya sekunde kabla hakijaachia na kushika kwingine. Ila vipo vingi mno, na kabla maji hayajabadilika kwa lolote, yapate joto, yapoe, yageuke mvuke au barafu, ni lazima mshiko huo ushughulikiwe kwanza.

Joto linakwenda wapi

Kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi 1 kunahitaji kilojuli 4.18 za nishati. Mafuta ya kula yanahitaji kama nusu ya hizo. Mchanga mkavu, kama moja ya tano. Ndiyo maana saa 8 mchana mchanga wa pwani unaunguza nyayo, na maji yaliyo hatua tatu mbele yako, chini ya jua lile lile, yanapendeza kuogelea. Tofauti hiyo ya joto kati ya nchi kavu na bahari ndiyo inayoleta upepo wa alasiri kutoka baharini, na usiku upepo ukageuka kutoka bara.

Sasa chukua bwawa la kawaida la mita 10 kwa 20, kina mita 1. Ni mita za ujazo 200, yaani tani 200 za maji. Siku ya jua kali katika nchi zetu kila mita ya mraba hupokea kama megajuli 20, yaani kilojuli 20,000. Chini ya kila mita ya mraba kuna kilo 1,000 za maji, zinazodai megajuli 4.18 kwa kila nyuzi moja. Gawanya: kama joto lote lingebaki humo, maji yangepanda karibu nyuzi 5 kwa siku, na kabla ya wiki mbili samaki wangekuwa wameiva.

Hawaivi kwa sababu ya uvukizi. Ili molekuli itoke majini iende hewani, ni lazima ivunje mishiko yake yote na wenzake, na gharama yake ni kubwa: kilo moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye nyuzi 30 inaondoka na megajuli 2.4. Bwawa linalopungua milimita 5 kwa siku limepoteza lita 5 kwa kila mita ya mraba, na lita hizo zimebeba megajuli 12. Zaidi ya nusu ya jua la siku nzima limeondoka na mvuke. Sehemu kubwa ya lililobaki hutoka usiku, maji yanapotoa joto kuelekea angani.

Hesabu hiyo ina faida nyingine ya haraka. Milimita 5 kwenye bwawa la mita za mraba 200 ni lita 1,000 kila siku. Mtu asiyejua hilo ataona maji yanashuka na kuamini bwawa linavuja, akatumia pesa nyingi kutandika plastiki. Kabla ya kufanya hivyo, pima kwa ndoo. Simamisha ndoo ndani ya bwawa juu ya tofali au jiwe, mdomo wake ubaki sentimita kumi hivi juu ya maji. Itie maji ya bwawa hadi usawa wa ndani ulingane na wa nje. Weka alama ndani ya ndoo na alama nyingine nje, kwa rangi isiyofutika. Rudi baada ya saa 24, siku isiyo na mvua na ambayo hukuongeza maji. Yaliyopungua ndani ya ndoo ni uvukizi. Ikiwa ya nje yamepungua zaidi, ile tofauti ndiyo inayovuja. Ndoo imeshuka milimita 5 na bwawa milimita 6? Bwawa lako ni zima. Bwawa limeshuka milimita 25? Hapo kuna kazi ya kushindilia mfinyanzi. Ndoo isiwe nyeusi na isiwekwe juu ya tuta, kwa sababu ikipata joto kuliko bwawa, itavukiza zaidi na kipimo kitakudanganya.

Mtungi wa maji ya kunywa unafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, na inafaa kuutazama kwa karibu. Maji hupenya vinyweleo vya udongo, yanafika nje, yanavukiza, na joto la kuyavukiza linatolewa kwenye maji yaliyobaki ndani. Kushusha lita 10 kutoka nyuzi 30 hadi 24 kunahitaji kuondoa kilojuli 250, na gramu 100 hivi za mvuke zinatosha kuzibeba, chini ya nusu ya kikombe cha chai. Zitatoka zaidi ya hizo, kwa kuwa hewa ya nje inaendelea kuurudishia mtungi joto. Dodoma wakati wa kiangazi mtungi unapoza vizuri mno. Tanga au Mombasa kabla ya masika unapoza nyuzi chache tu, maana hewa imeshashiba mvuke na haipokei mwingine kwa haraka. Mtungi uliopakwa rangi ya mafuta haupozi kabisa. Uliotumika miaka mingi kwa maji ya chumvi nao hupoteza nguvu, kwa sababu chumvi hubaki kwenye vinyweleo maji yanapoondoka. Usugue kwa brashi ngumu na maji matupu. Sabuni usiitie, itaingia kwenye udongo na utaisikia kwenye maji kwa siku nyingi.

Maji mepesi juu, maji mazito chini

Hapa ndipo penye hatari kubwa ya bwawa, na ndipo panaposemwa kidogo zaidi kuliko pote.

Jua halipashi maji yote kwa pamoja. Sehemu ya miale yake tusiyoiona kwa macho, ambayo ni karibu nusu ya nguvu yake, inafyonzwa na maji ya juu juu. Inayobaki, kwenye bwawa la kijani, inaishia katika sentimita 30 au 50 za kwanza. Kwa hiyo saa 9 alasiri unaweza kuwa na nyuzi 31 juu na 26 chini. Maji ya nyuzi 31 yana uzito wa gramu 995.3 kwa lita. Ya nyuzi 26, gramu 996.8. Gramu moja na nusu si kitu mkononi, lakini bwawani inatosha kuyafanya ya juu yaelee juu ya yale ya chini kama mafuta, na upepo mwepesi hauwezi kuyachanganya.

Tena sisi wa nchi za joto tunaumia zaidi katika hili. Maji hayapungui uzito kwa kipimo kimoja kila nyuzi inapopanda. Kadiri yalivyo ya moto, ndivyo kila nyuzi inavyoyapunguza zaidi. Kati ya nyuzi 4 na 9, tofauti ya uzito ni chini ya gramu 0.2 kwa lita. Kati ya 26 na 31, nyuzi tano zile zile, ni zaidi ya mara 7 ya hiyo. Bwawa la Ulaya majira ya machipuko linachanganywa na upepo wowote. La kwetu linajifunga matabaka mchana mmoja.

Tabaka la chini likishafunikwa halipati oksijeni. Mwanga haufiki, mwani, yaani vimea vidogo mno vinavyoyapa maji rangi ya kijani, hautengenezi hewa huko, na vinavyooza kwenye tope vinakula kilichokuwepo. Hewa haiwezi kushuka yenyewe tu: oksijeni hupenya majini polepole kama mara 10,000 kuliko inavyosambaa hewani. Bila maji kusukumwa na kuzungushwa, mita moja ni safari ndefu mno.

Bwawa la kina cha mita 1 kwa kawaida hujichanganya kila usiku: maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama, ya chini yanapanda. Hilo ni zuri, kwa sababu uchafu wa siku moja ni mdogo. La mita 2 na zaidi linaweza kukaa wiki nzima bila kujichanganya. Kisha siku moja, baada ya jua kali la siku nyingi, inanyesha mvua kubwa ya jioni yenye upepo. Maji baridi ya mvua na yale ya juu yaliyopozwa yanazama kwa mkupuo, na maji ya chini, yasiyo na oksijeni, yenye amonia na ile gesi ya yai viza, yanapanda yote pamoja. Asubuhi samaki wote weupe juu ya maji, na mwenye bwawa anaapa kwamba jirani ametia sumu. Urafiki wa vijiji vizima umevunjika kwa ajili ya mambo yaliyofanywa na gramu moja na nusu.

Kujua kama bwawa lako lina matabaka hakuhitaji mashine ya bei. Chukua chupa ya nusu lita, ifunge jiwe la kuizamisha, ifunge kamba yenye alama kila sentimita 25, kisha funga kamba nyingine nyembamba kwenye kizibo cha gunzi au cha mpira. Zamisha chupa tupu ikiwa imezibwa hadi karibu na chini, bila kugusa tope. Vuta kizibo, subiri mapovu yaishe, pandisha haraka, tia kipimajoto. Fanya hivyo juu, katikati na chini, saa 9 alasiri, kisha tena saa 11 alfajiri. Alasiri kuwe na tofauti ya nyuzi 3 au 4, si ajabu. Alfajiri tofauti ikiwa bado ipo, zaidi ya nyuzi 1, bwawa halikujichanganya usiku, na huko chini kuna deni linalokua. Nusa pia maji uliyoyapandisha. Pua ni kipimo kizuri.

Kama una pampu au mashine ya mapanga ya kupiga maji, iwashe saa 7 mchana kwa saa moja au mbili kila siku ya jua. Watu wengi huitunza kwa ajili ya usiku tu. Mchana ndipo maji ya juu yana oksijeni ya ziada iliyotengenezwa na mwani, na ukiyazungusha unaipeleka chini bure. Lakini bwawa la kina kirefu ambalo halijachanganywa kwa muda, usilipige kwa nguvu siku ya kwanza. Anza na dakika 20, ongeza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, usije ukafanya wewe mwenyewe kazi ya ile mvua.

Ziwa Tanganyika ni bwawa hili hili kwa kipimo kikubwa. Kina chake kinafika mita 1,470. Juu maji yana nyuzi 25 hadi 28 kutegemea msimu, na chini kabisa karibu nyuzi 23.5. Tofauti ya nyuzi chache tu, basi, na ziwa lote limefungwa: chini ya mita 100 hivi upande wa kaskazini, na kama 200 upande wa kusini, hakuna oksijeni. Rutuba ya ziwa, yaani vyote vilivyokufa na kuzama, imekaa huko chini. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini, huko Mpulungu, maji ya chini yanapanda kujaza nafasi, yakiwa na rutuba. Mwani unastawi, vijidudu vinakula mwani, dagaa wanakula vijidudu, migebuka wanakula dagaa. Chakula cha Kigoma, Kalemie, Uvira na Bujumbura kinategemea upepo huo kushinda tofauti hiyo ndogo ya uzito. Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba ziwa limepata joto katika karne iliyopita, matabaka yamekazana zaidi, na uzalishaji wake umeshuka. Hili linanihuzunisha kuliko ninavyoweza kuandika. Ziwa halihitaji kuchemka ili liwanyime watu kitoweo. Inatosha sehemu ya nyuzi moja.

Ziwa Victoria ni la kina kifupi zaidi, na huko maji ya chini yasiyo na oksijeni yanaweza kupanda ghafla. Samaki wa ziwani huogelea wakaondoka. Wa kwenye vizimba hawana pa kwenda, na mwaka 2022 upande wa Kenya wafugaji walipoteza samaki wengi sana kwa njia hiyo. Anayeweka kizimba kwenye ghuba tulivu yenye maji mafupi kwa sababu tu ni karibu na nyumbani, ajue anachokiweka rehani.

Hewa ndani ya maji

Lita ya hewa ina oksijeni zaidi ya mara 30 ya iliyomo katika lita ya maji. Molekuli ya oksijeni haina chaji ya kushikwa na maji, kwa hiyo inapata nafasi finyu tu kati ya mishiko, na maji yakipata joto inafukuzwa. Maji safi ya usawa wa bahari yanabeba miligramu 9.1 kwa lita yakiwa nyuzi 20, na 7.6 yakiwa nyuzi 30. Mwinuko unapunguza tena: Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, na huko toa karibu moja ya nane. Wakati huo huo samaki katika maji yaliyopanda nyuzi 10 anatumia oksijeni kama mara mbili. Joto linampunguzia ghalani na kumwongezea njaa kwa pamoja.

Sato anastahimili mengi, lakini chini ya miligramu 3 hakui vizuri, na chini ya 1 unamweka kwenye hatari ya kufa. Bwawa la kijani kibichi linaweza kuwa na miligramu 12 saa 9 alasiri na 2 alfajiri, kwa kuwa usiku mwani nao unapumua. Zamisha mkono umekunja kiganja. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa yamefika karibu na kiwiko, mwani unatosha. Kikipotea kabla maji hayajapita kifundo cha mkono, umezidi. Acha mbolea, punguza chakula, badilisha maji kiasi.

Ukiwakuta wanatweta alfajiri, usilishe. Ingiza maji mapya, na yaingie kwa kurushwa, yapasuke matone kabla ya kugusa bwawa: yapitishe kwenye bati lililotobolewa, au kwenye mawe. Kosa la kawaida ni kutia maji ya kisima kirefu kwa mpira uliozamishwa moja kwa moja. Maji hayo yamekaa chini ya ardhi muda mrefu, mara nyingi hayana oksijeni kabisa. Kama huna maji mapya, vuta ya bwawa lenyewe, ya juu, uyarushe hewani yarudi. Wala usiingie na vijana kukoroga kwa miti. Mtapandisha tope, na tope ndilo mdai mkubwa.

Gesi hushikwa vizuri na maji baridi, na vizuri zaidi na maji yaliyobanwa. Ndiyo siri ya soda, na ndiyo hatari ya Ziwa Kivu, ambalo maji yake ya chini, chini ya uzito wa mamia ya mita, yamebeba kabonidioksidi na methani kwa wingi wa kutisha. Huko chini ni joto kuliko juu, lakini chumvi na gesi iliyoyeyuka vinayafanya mazito, hayapandi. Ziwa Nyos la Kameruni lilipofumuka tarehe 21 Agosti 1986, kabonidioksidi yake iliua watu wapatao 1,700. Rwanda sasa inavuta maji hayo ya chini ya Kivu kwa mabomba; yakipanda, mkandamizo unapungua, methani inatoka yenyewe, inachomwa kuzalisha umeme. Kituo cha megawati 26 cha Karongi kilizinduliwa mwaka 2016.

Kwenye kusafirisha vifaranga hesabu hiyo ya gesi inaokoa pesa. Mfuko wa plastiki utie maji theluthi moja, oksijeni theluthi mbili. Wanaojaza maji pomoni wakidhani samaki anataka maji wanaua. Lita 5 za maji zina miligramu 40 hivi za oksijeni. Lita 10 za oksijeni tupu juu yake zina kama gramu 13, zaidi ya mara 300, na mtikisiko wa gari unaiingiza majini safari nzima. Vifaranga wasilishwe saa 24 kabla, wasafiri usiku au alfajiri. Ukifika, mfuko uelee bwawani dakika 15 hadi 20 ukiwa umefungwa, kisha ufungue uingize maji ya bwawa kidogo kidogo kwa dakika 10 nyingine. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 ya hewa, na matamvua ya samaki yana damu iliyotenganishwa na maji kwa utando mwembamba tu. Mtu anaweza kutoka jikoni akaingia kwenye baridi ya Njombe asidhurike. Kifaranga akitupwa ghafla kwenye maji yaliyotofautiana nyuzi 5, mwili wake wote unabadilika joto kwa muda mfupi sana.

Neno moja juu ya uso wa maji. Molekuli za juu hazina wa kushikana naye upande wa hewa, kwa hiyo zinakazana na za pembeni, uso ukawa kama ngozi. Viluwiluwi vya mbu vinaning'inia kwenye ngozi hiyo ili vipumue: vya Anopheles, mbu wa malaria, vinalala sambamba na uso, vya Culex vinaning'inia vichwa chini. Ukiona vinavyolala kwenye kona ya bwawa yenye majani, kata majani hayo hadi kwenye maji. Sato watamaliza kazi.

Barafu

Maji ni mazito kuliko yote yakiwa nyuzi 4. Yakizidi kupoa mishiko inaanza kujipanga kwa nafasi, na yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9. Barafu inaelea. Ndiyo maana maziwa ya Kanada au Uswidi huganda juu tu, na samaki wakapita majira ya baridi chini kwenye nyuzi 4. Na ndiyo maana chupa iliyojazwa pomoni hupasuka ndani ya friza. Acha nafasi ya moja ya kumi.

Kwa mvuvi wetu jambo kubwa ni kuyeyuka. Kilo ya barafu inayoyeyuka inanyonya kilojuli 334 huku ikibaki pale pale kwenye sifuri. Kupoza kilo 10 za sato kutoka nyuzi 28 hadi 0 unahitaji kuondoa kilojuli 1,000 hivi, na kilo 3 za barafu zinaweza. Kwa maji baridi ya nyuzi 0 yaliyoruhusiwa kupanda hadi 5, ungehitaji karibu kilo 48. Lakini usibebe kilo 3. Sanduku linaingiza joto njia nzima, kwa hiyo kwenye jua letu beba kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, na safari ikizidi siku moja, ongeza.

Barafu isagwe au ipondwe. Bonge kubwa linagusa samaki kwa vijisehemu tu na kumponda. Tandika chini sentimita 5, panga samaki safu moja, funika kwa barafu, safu nyingine, na juu umalizie kwa barafu. Aliyepasuliwa tumbo, mjaze barafu tumboni. Chini ya sanduku kuwe na tundu la kutolea maji: maji ya barafu yakishuka yanapoza na kuosha, ila yakituama samaki wa safu ya chini wanalala kwenye damu na uchafu wa wenzao.

Ukiwagandisha kwa friza ya nyumbani, watandaze safu moja, wasirundikwe, na usiweke kilo 20 za moto kwa mara moja. Samaki anayeganda polepole, maji ya mwilini mwake yanapata muda wa kujenga fuwele kubwa za barafu, zinazochana nyama. Utamjua siku ya kumyeyusha: sahani inajaa maji, na nyama inakuwa teketeke kabla haijaona moto.